Mhojiwa wa Ishirini na Saba

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Kazi ya mwisho ya muhula imetolewa. Balaa! Mzee Lomotey anataka kila mmoja wetu awahoji wanafunzi arobaini wa uandishi wa habari. Swali ni moja lenye mikia mingi: unaionaje kazi inayokungoja? Utaifanya kweli, au umekuja hapa kupitisha wakati? Arobaini! Na joto hili la Accra!

Mzee anastaafu mwisho wa mwezi. Amefundisha miaka ishirini na miwili, na kabla ya hapo alikuwa gazetini, mpaka wakubwa fulani wakamweka ndani wiki sita kwa sababu ya habari moja ya mahindi. Amesema anataka kujua kabla hajaondoka kama miaka hiyo yote imekwenda bure. Alisema hivyo huku akitazama dirishani. Wengi wetu tulikuwa tukitazama simu.

Kisha akasema la maana. Gazeti lake la zamani limempa nafasi moja: mwaka mzima wa kujifunza kazi, na meza, na kitambulisho chenye picha. Atakayeleta kazi bora ndiye atakayekwenda. Mmoja tu.

Hapo nikaweka simu mfukoni. Kitambulisho! Mwenye kitambulisho cha gazeti hukaa kiti cha mbele kwenye kila hafla, na ratiba ikifika kipengele cha kumi na tatu, yaani soda na kuku, yeye ndiye huanza. Nimeona kwa macho yangu.

Mpinzani ninaye mmoja, Dzifa Amegashie. Binti huyu hukaa mbele, ana kalamu tatu, na huuliza maswali mpaka mwalimu anasahau kwenda kula. Leo ameuliza tufanyeje mhojiwa akidanganya. Mzee akasema mwulize tena. Dzifa akaandika. Hata hilo kaandika!

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimeanza kazi kwa moyo mweupe kabisa. Shajara hii iwe shahidi.

Mhojiwa wa kwanza: Sulemana, mwenzangu wa chumbani. Amekuja kusoma uandishi kwa sababu sheria walimkataa. Akimaliza atajaribu sheria tena. Nikamwuliza, na uandishi je? Akaniuliza uandishi gani.

Wa pili: binti mmoja wa mwaka wa pili, nywele mpaka mgongoni. Anataka kuwa afisa uhusiano wa benki, benki yoyote ile, maana benki zina viyoyozi na waandishi wanatembea juani. Amenishauri nami niifikirie ngozi yangu.

Nikafunga daftari. Aibu! Nimwendee mzee wa watu anayestaafu, nimpe haya? Ni ukatili huo. Watu hawa hawana ndoto. Nimeamua kuwasaidia.

Nimekaa kitandani na madonge mawili ya kenkey ya mahindi na samaki wa kukaanga, nikawaandika wote thelathini na wanane waliobaki. Kazi nzuri, haina jasho. Kufika wa ishirini mkono ulikuwa umekuwa mwepesi. Wa ishirini na saba alijileta mwenyewe. Jina lake Efua, miaka ishirini na mmoja, darasa la jioni. (Nimemweka huko kwa sababu sisi wa mchana hatuwajui wa jioni, nao hawana habari nasi.) Redio ilitangaza mara tatu kwamba kisima cha kijijini kwao kimekwisha kuchimbwa. Mara tatu bibi yake akabeba ndoo akaenda. Mara tatu akarudi na ndoo tupu. Efua anasema: "Nataka kuwa yule anayekwenda kutazama kwanza, ndipo aseme."

Nimelia mwenyewe. Nikafuta machozi kwa mkono wenye pilipili. Nikalia tena.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Dzifa amenikamata kantini na hojaji yake. Maswali kumi na saba. Eti mimi ni mhojiwa wake wa thelathini na nne. Yaani huyu anawauliza watu kweli! Viatu vyake vimejaa vumbi jekundu.

Nilimwambia nataka kulitumikia taifa. Hakuandika. Alinitazama tu, akarudia swali lilelile kwa sauti ileile. Nikasema nataka kuwa sauti ya wasio na sauti. Hakuandika. Mara ya tatu sijui nini kilinipata, nikasema: kitambulisho, kiti cha mbele, na kuku. Akaandika. Akanishukuru. Akasema tangu Jumanne hajapata jibu lililonyooka kama hilo.

Nikageuza kibao, nikamwuliza na yeye je. Akasema yeye si mhojiwa. Nikambana. Basi akasema, huku akipanga karatasi zake, kwamba baba yake amemtafutia nafasi benki, idara ya uhusiano, kuanzia mwezi wa sita. Wamekubaliana. Akipata ile nafasi ya gazetini, baba atanyamaza. Akiikosa, anakwenda benki na hakuna tena mjadala. Kazi ya gazeti anaitaka tangu ana miaka tisa. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Iliniuma kidogo. Nikamwambia, "Utapata tu, dada." Kisha nikaenda kutafuta karatasi ya jalada, ile ngumu inayong'aa.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nimekabidhi. Jalada la buluu, jina langu kwa herufi za dhahabu: FIIFI QUAICOE. Kazi ya Dzifa imefungwa kwa uzi. Uzi! Nimemwonea huruma. Nimelala usingizi mzito mchana kutwa.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Ushindi! Na maafa. Yote kabla ya saa nne asubuhi.

Mzee Lomotey amerudisha kazi. Alianza na ya Dzifa. Akasema ni sahihi kama risiti: majina, saa, mahali, kila kitu. Akasoma matokeo. Ishirini na sita wanataka uhusiano kwenye mabenki, migodi na kampuni za simu. Wanane wanataka sura zao ziwe kwenye runinga. Wanne siasa. Mmoja sheria. Mmoja kuku. Darasa likacheka, mimi nilicheka kwa nguvu kuliko wote. Anayetaka kwenda kutafuta habari, hakuna hata mmoja.

Mzee hakucheka. Akasema anaogopa Dzifa amewauliza wenzake kama karani wa forodha, ndiyo maana wamemfungulia mabegi tu, mioyo wakaificha. Akasema haiwezekani wote wakawa hivyo. Dzifa alifunika kalamu yake.

Kisha akachukua ya kwangu. Akasoma wa ishirini na saba kwa sauti. Alipofika kwenye ndoo ya tatu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hata Sulemana aliacha kutafuna. Mzee akasema amemngoja mwanafunzi huyu miaka ishirini na miwili, kumbe yuko darasa la jioni, anapanda ngazi zilezile anazoshuka yeye. Akasema lazima amwone. Leo.

Nikasema amesafiri. Akauliza kwenda wapi. Nikasema amefiwa. Akauliza na nani. Na mimi, na mdomo huu, nikasema na bibi yake.

Yule wa ndoo!

Darasa zima likaguna kwa uchungu. Mzee akakaa chini kama aliyefiwa ni yeye. Mjinga mimi! Nimezaliwa nchi hii, nimekulia nchi hii, nimesahauje kwamba hapa huwezi kumfisha mtu hivihivi ukaachwa? Kwingine wangesema pole wakaendelea na somo. Kwetu msiba ni mwaliko. Mzee akauliza mazishi ni lini. Jumamosi, nikasema, maana mazishi yote ni Jumamosi. Wapi? Saltpond. Kwa nini Saltpond? Sijui. Ndilo neno lililokuwa karibu na ulimi.

Amesema atakwenda. Suti nyeusi anayo. Tutatumia gari lake. Na Dzifa, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema angependa naye kwenda kutoa pole.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Nina siku tatu za kupata maiti.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimetembea. Mjini hapa kila ukuta una matangazo ya misiba: picha ya rangi, jina, umri, orodha ya watoto na wajukuu. Aliyekufa kijana anaandikiwa "Pigo Gani Hili!" Mzee anaandikiwa "Ameitwa Nyumbani". Nimesoma kuta tangu asubuhi, shingo inaniuma. Nimekuta mfanyabiashara wa Kumasi, mwalimu wa Ho, chifu wa Nsawam. Wa Saltpond hakuna. Watu wa Saltpond wameamua kuishi!

Saa tisa alasiri, ukutani kwa fundi wa mafriji: Nana Ekua Abakah, miaka tisini na mmoja, Saltpond, Jumamosi hii. Nikapiga kelele ya furaha. Fundi akaniuliza kama nilimfahamu marehemu. Nikasema sana. Wajukuu hamsini na wawili, na kati yao Efua watatu! Mungu ni Mfante. Kwetu Wafante kila msichana aliyezaliwa Ijumaa ni Efua, na inaonekana ukoo wa Abakah umefanya kazi kubwa siku za Ijumaa.

Mpango: tunafika, tunapeana mikono, tunakaa, tunakula. Namnong'oneza Mzee kwamba Efua yuko ndani, amezidiwa, haonani na watu. Tunarudi. Hakuna dosari.

Nikipiga hesabu, leo nimetembea kuliko ambavyo ningetembea kuwahoji wote arobaini. Lakini kazi hii ina msisimko wake.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Tatizo ni Dzifa. Nimemwandikia ujumbe wa simu: safari imesogezwa hadi Jumapili, Mzee anaumwa mgongo. Dakika tano baadaye akanijibu kwamba amempigia Mzee na mgongo wa Mzee ni mzima. Nani hufanya hivyo? Mtu akikupa habari unaipokea!

Mzee naye ameniuliza Efua anapenda nini. Anataka kumpelekea zawadi. Nikasema hapendi kitu, ana majonzi.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Nimerudi. Mwili mzima, mengine sijui.

Saltpond, saa nne. Mahema, viti vya plastiki, spika kubwa kama makabati. Kwa kuwa Nana alikula miaka tisini na mmoja, watu walivaa nyeusi na nyeupe na walikuwa wakicheza. Tukazunguka kupeana mikono kuanzia kulia, mikono kama mia mbili, nami nikitikisa kichwa kwa huzuni mbele ya kila mmoja. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nani ana nguvu ya kuuliza watu wote wale? Tukakaa. Maji yakaletwa. Mpango ukawa unakwenda sawa.

Nilisahau kitu kimoja tu, ambacho mtoto wa miaka mitano angekikumbuka. Ukishakunywa maji, msemaji wa familia husimama mbele yako akakuuliza umekuja na lipi. Na lazima useme.

Mzee Lomotey akasimama. Jamani, yule mtu anajua kuongea! Akasema amekuja kwa ajili ya Efua, mjukuu wa marehemu, binti mwenye maneno mazito. Aitwe, ampe mkono. Familia ikanong'onezana. Wakaletwa Efua watatu, wakapangwa mstari. Mmoja muuguzi wa miaka hamsini. Mmoja ana utepe kichwani na meno ya mbele hana. Wa katikati kijana, mshonaji wa nguo, macho yamevimba kwa kulia.

Mzee akamwendea mshonaji moja kwa moja. Akamshika mikono yote miwili, akamtamkia maneno yake yote: redio, kisima, ndoo. Kwa kichwa! Nikatafuta pa kuingia nipotee. Binti akasikiliza mdomo wazi, kisha akaangua kilio. "Ni yeye huyo! Ni Nana kabisa, baba! Alikuwa haamini mtu mpaka aende akaone mwenyewe!" Shangazi zake nao wakaangua. Mzee naye. Mimi pia machozi yalinitoka. Kama ni woga au huzuni, siwezi kusema.

Mzee akamwuliza masomo yanaendeleaje. Akasema, "Masomo gani, baba? Mimi nashona." Nikajitosa katikati, nikasema ni majonzi, Mzee, yanampotezea kumbukumbu. Bahati nzuri kipaza sauti kikamwita Mzee mbele akatangazwe na rambirambi yake. Akaenda.

Dzifa akabaki. Akamwuliza Efua, taratibu, kama ananifahamu mimi. Efua akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Akasema hapana, labda mimi ndiye kijana wa kukodisha mahema. Na kama ni mimi, mbona lile la nyuma limetoboka?

Dzifa aliniletea sahani ya wali na kuku. Sikuweza kula. Naandika hapa ili ijulikane: kuku, na sikuweza kula.

Wakati wa kurudi Mzee aliimba. Sijawahi kumsikia akiimba. Akasema sasa anaweza kwenda kupumzika, miaka yake haikwenda bure, yuko mmoja, na mmoja anatosha. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nikingoja Dzifa afungue mdomo. Winneba, kimya. Kasoa tulikwama kwenye foleni saa nzima, kimya. Alikuwa akikitazama kisogo cha Mzee.

Tuliposhuka nikamfuata. Nikamwuliza mbona amenyamaza. Akasema amekwenda, ametazama, ameona. Kilichobaki kilikuwa kusema tu. Ila kila alipotaka kuanza, yule mzee alikuwa anaimba, akashindwa.

"Unaona, Fiifi?" akasema. "Mtu wa habari angesema. Pengine baba ana haki. Pengine hii kazi si yangu."

Nikamwambia usiku mwema. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua kali.

Jumatatu, tarehe 20 Mei

Nimeamka na nia njema. Nimeoga, nimevaa shati jeupe, nimekwenda kuungama. Nilijizoesha njiani mpaka mama muuza machungwa akaniuliza kama niko sawa.

Mzee alikuwa akifunga vitabu vyake kwa kamba. Barua ilikuwa mezani, imeshagongwa mhuri. Akasema Efua ana msiba wake, si wakati wa kumsumbua na mambo ya gazeti, atamtafuta mwakani. Lakini aliyejua kumsikiliza Efua ni mimi, na kusikiliza ndiyo kazi yenyewe. Nafasi ni yangu.

Nikafungua mdomo. Akaniwekea barua mkononi. Nikafunga mdomo. Nikasema asante, Mzee.

Mlangoni nikarudi. Kweli nilirudi! Nikasema, Mzee, kuhusu Efua. Akainua uso, uso wote unacheka. "Ehe, mwanangu?" Nikasema anakusalimu.

Nitaungama Jumatano. Jumatano ni siku nzuri.

Jumatano, tarehe 22 Mei

Nimemtafuta Dzifa nimwambie nafasi naikataa, aichukue yeye. Nimemkuta sokoni Makola, ananunua viatu. Vyeusi, kisigino kifupi. Vya benki. Nikamwambia subiri, dada, mambo bado, nitaongea na Mzee. Akauliza lini. Nikasema leo. Akauliza ni leo hii, au ni leo nyingine. Hana huruma, huyu!

Kisha akaniuliza swali. Katika wale arobaini, niliwahoji kweli wangapi? Nikasema kumi. Akarudia swali lilelile kwa sauti ileile. Nikasema wawili. Mkono wake ukaingia mkobani, ukatoa daftari, akaandika. Mazoea tu. Akaitazama ile namba kwa muda. Akachana ukurasa, akanipa mimi. Akageuka kumwuliza mwenye duka kama ana saizi kubwa kidogo, maana hivi vinambana.

Nina maumivu kifuani. Nilidhani ni njaa. Nimekula wali na kunde, na tambi juu yake, na yai. Maumivu yako palepale. Nimekwenda hadi mlangoni kwa Mzee, taa imezimwa. Nilishukuru Mungu kwa taa kuzimwa, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Ijumaa, tarehe 24 Mei

Hafla ya kumuaga Mzee Lomotey. Nimeandika barua ya kuungama, kurasa nne, kweli tupu. Isipokuwa ukurasa wa tatu, ambapo nimesema nilikuwa na homa.

Barua mfuko wa kushoto. Nilipanga nimpe kabla ya hotuba. Kabla ya hotuba alikuwa na watu. Alipopanda jukwaani akasimulia habari za Efua tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya mkuu wa chuo na wahariri wawili na mke wake. Mke wake alikuwa akimtazama kama ndiyo kwanza wameoana. Mtu utaanzia wapi kuvunja kitu kama hicho?

Baadaye Mzee akamwita Dzifa pembeni. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwao, na sahani yangu. Akamwomba radhi kwa yale maneno ya forodha, akasema alikuwa mkali mno. Akamwuliza anakwenda wapi baada ya hapa. Dzifa akasema benki, Mzee. Mzee akamshika bega, akasema si kila mtu ana moyo wa kazi hii, na hilo si kosa, mwanangu. Hata benki wanahitaji watu waaminifu. Dzifa akasema ndiyo, Mzee.

Hatua tatu! Lilihitajika neno moja, nalo nilikuwa nalo. Nikatia mkono mfukoni. Barua ilikuwa imelowa mafuta ya samaki, nilikuwa nimehifadhi kipande humohumo cha kwenda nacho nyumbani. Wino umetapakaa. Nikajiambia huwezi kumpa mtu wa heshima barua chafu siku anayoagwa. Dzifa akapita mbele yangu na viatu vyake vipya. Hakunitazama.

Nimejuta. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEJUTA. Kati yetu wote ni yeye peke yake aliyekuwa na haja na kazi ile. Nimemfungia mlango kwa kutumia mtu ambaye hata hayupo duniani. Hata Sulemana ameniuliza nina nini, na Sulemana huwa haulizi kitu.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku ya kwanza gazetini. Kitambulisho ninacho; pichani nimetokea kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Dzifa naye ameanza leo, benki, saa mbili kamili. Nimemfikiria njia nzima. Nimeapa: kuanzia leo kweli, na kweli tupu. Kwa heshima yake.

Mhariri wa habari za jiji ni mama mmoja, Araba Essuman, hana muda wa salamu. Amenituma sokoni. Jiji linataka kuwahamisha wachuuzi. Niwaulize kumi wanasemaje, nirudi kabla ya saa tisa. Nikasema ndiyo, mama. Nikatoka mbio. Nimefika hadi getini.

Mvua! Si mvua ya mchezo. Nikajikinga chini ya bati kwa muuza chai, ningoje ipungue. Nikaagiza chai na mkate. Nikawaza, kwa mvua hii wachuuzi wenyewe watakuwa wametawanyika, nitamkuta nani? Nikatoa daftari nijaribu maswali tu, nisije nikatia aibu nikifika. Wa kwanza akajitokeza haraka, muuza samaki. Wa pili fundi wa saa, mkali kidogo. Wa tatu alikuwa mzito, nikambadilisha jina, akakubali.

Wa nne nimemwita Dzifa, muuza nyanya. Nimempa maneno mazuri kuliko wote, aya nzima peke yake, na jina lake mwanzo kabisa wa habari. Maskini, alitaka sana kuwa gazetini. Ni jambo dogo, lakini angalau nimemtendea.

Mama Essuman ameisoma akiwa amesimama. Amesema huyo wa nyanya ni mtu kweli. Inatoka kesho, ukurasa wa tano. Nitachukua nakala mbili, moja nimpelekee Dzifa benki, afurahi.